Uchambuzi wa kisa: Furu, sato, gogogo na kamongo ndani ya tangi moja la kioo

Tangi liko sebuleni, katika nyumba moja ya Ilemela, Mwanza. Urefu wake ni sentimita 120, upana 40, kimo 45. Likijazwa hadi sentimita chache chini ya ukingo, na ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, maji yanabaki kama lita 180. Kuna kichujio kimoja cha sponji, pampu ndogo ya hewa, na taa ya LED inayotoa mwanga wa bluu na waridi. Jumamosi asubuhi lilijazwa maji ya bomba. Jioni yake samaki wakaletwa kutoka mwaloni, pale wavuvi wanapofikia na samaki wao, kwenye ndoo mbili: furu 11 (samaki wadogo wa jamii moja na sato), vifaranga wanne wa sato wenye urefu wa kidole, gogogo watatu (jamii ya kambale wenye miiba), kamongo mmoja wa sentimita 25 (samaki mrefu anayevuta hewa), na dagaa hai wapatao 20. Wote wa Ziwa Viktoria, wote wamevuliwa ndani ya Ghuba ya Mwanza wiki hiyohiyo.

Kufikia Jumapili asubuhi dagaa wote walikuwa wameelea. Siku ya pili na ya tatu furu walipanda juu wakivuta hewa usoni pa maji. Kati ya siku ya nne na ya sita furu watatu walikufa, mapezi yao yakiwa yamechanika. Siku ya nane mwingine alikutwa hana nusu ya nyuma. Siku ya 12 samaki waliobaki walitokwa na madoadoa meupe kama chembe za chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe. Siku ya 17 furu wengine wawili na sato mmoja walikufa wakihema sana, ingawa pampu ya hewa ilikuwa inafanya kazi, na matamvua yao yalikuwa ya rangi ya kahawia badala ya wekundu. Mwisho wa wiki ya tatu walibaki furu watano, sato watatu, gogogo wote watatu na kamongo, ambaye alikuwa amenenepa.

Wenye nyumba walifikia mahitimisho mawili: kwamba samaki wa ziwani hawafugiki ndani, na kwamba furu ni wakorofi wanaouana wenyewe kwa wenyewe. La kwanza si kweli hata kidogo. La pili lina ukweli, lakini limewekwa mahali pasipo pake, maana ugomvi ulimalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na maji. Nyuma ya yote mawili kuna dhana kwamba samaki wa ziwa moja ni majirani, hivyo wataelewana popote. Ziwani hawa hawakai pamoja. Furu wa aina hii hukaa kwenye mawe, dagaa hukaa maji ya wazi katikati, gogogo huzunguka chini kwenye tope, vifaranga vya sato hukaa ghubani kwenye majani na mchanga, na kamongo yuko kwenye mafunjo. Wavuvi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hawaendi kumtafuta kamongo kwenye mawe.

Maji kwanza

Dagaa tuwaondoe kwenye hesabu mapema. Dagaa wa Viktoria hupoteza magamba kwa kuguswa tu na wavu, na samaki aliyepoteza magamba hawezi kudhibiti maji yanayoingia mwilini mwake. Hata tangi lingekuwa zuri kiasi gani, dagaa waliovuliwa kwa taa na wavu wangekufa usiku ule. Si samaki wa kufuga nyumbani.

Kilichowapandisha furu juu siku mbili za mwanzo ni klorini. Maji ya bomba huwekwa klorini ili yawe salama kwa watu, na kiasi hichohicho kidogo huunguza matamvua. Dawa yake ni rahisi: maji yakae wazi kwenye pipa saa 24 huku jiwe la hewa, kile kipande chenye vitundu mwishoni mwa mpira wa pampu, likiyatibua, au yatiwe sodiamu thiosulfeti. Yeyusha gramu 10 za thiosulfeti katika lita 1 ya maji, kisha tia mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya bomba. Kipimo hicho huondoa klorini zaidi ya miligramu 1 kwa lita, ambacho ni zaidi ya kinachokutwa kwa kawaida kwenye bomba. Pipa likitulia tu bila kutibuliwa klorini hutoka polepole, kwa hiyo "tuliyaacha usiku" si kipimo cha kutegemewa.

Baada ya klorini ikaja amonia, na hapa hesabu inaeleza yote. Walikuwa wanalisha mara tatu kwa siku, unga wa dagaa na makombo ya chapati, jumla kama gramu 8. Chakula chenye protini asilimia 40 kina naitrojeni miligramu 64 kwa kila gramu, na karibu nusu yake samaki huitoa majini kama amonia. Yaani gramu moja ya chakula huzaa kama miligramu 30 za naitrojeni ya amonia. Gramu 8 ni miligramu 240. Zigawe kwa lita 180, unapata miligramu 1.3 kwa lita kila siku. Katika tangi jipya hakuna bakteria wa kuila, kwa hiyo hujilimbikiza: siku ya nne kipimo kilionyesha 4. Hakukuwa na muujiza wowote.

Namba hiyo peke yake haitoshi kumwambia mtu hatari ikoje. Vipimo vya kawaida, hata vile vinavyouzwa kwa wafugaji wa mabwawa, hupima amonia yote kwa jumla, ilhali inayoua ni ile sehemu iliyo katika hali ya gesi, na sehemu hiyo inategemea joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kwa nyuzi 26 na pH 7.0, ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwa pH 8.0 inafika karibu asilimia 6, mara kumi. Tangi hili lilikuwa na pH 8.0, hivyo ndani ya ile 4 kulikuwa na kama 0.23 ya amonia kali. Matamvua huanza kuharibika kwenye 0.05. Samaki wa hivyo anadhoofika, anabaki kona ya juu karibu na bomba la hewa, na furu mwenye nguvu zaidi anamrarua mapezi. Asubuhi mwenye nyumba anaona mapezi yaliyochanika na kusema wamepigana.

Mwinuko wa Mwanza nao unachangia. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na maji ya nyuzi 26 katika mwinuko huo hayawezi kushika oksijeni zaidi ya miligramu 7 hivi kwa lita, wakati Dar es Salaam yangeshika 8. Matamvua yaliyoungua hayana akiba ya kupoteza, na umeme ukikatika kwa saa mbili usiku, tangi lenye samaki wengi linafika pabaya haraka.

Vifo vya siku ya 17 vilikuwa vya aina nyingine. Amonia ilikuwa imeanza kushuka kwa sababu bakteria wa kwanza walikuwa wamezaliana, lakini wao huigeuza amonia kuwa naitraiti, na bakteria wa kuila naitraiti huchelewa kwa wiki kadhaa. Naitraiti ikiingia kwenye damu huifanya ishindwe kubeba oksijeni, na damu hubadilika kuwa kahawia. Ndiyo maana hewa ilikuwepo na samaki bado walikuwa wanahema. Matamvua ya kahawia ni ushahidi unaoonekana kwa macho, funua tu kifuniko cha shavu cha samaki aliyekufa muda mfupi uliopita. Huduma ya kwanza ni chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 1 kwa lita, yaani gramu 180 kwa tangi hili, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kumiminwa kwa awamu tatu ndani ya saa kadhaa. Kloridi iliyomo huzuia naitraiti isipite kwenye matamvua. Chumvi yenye madini joto haina shida kwa kipimo hicho. Furu huvumilia hata gramu 3, na gogogo, ambaye hana magamba, huivumilia gramu 1 bila tabu.

Kosa moja zaidi lilirefusha mateso. Kila maji yalipochafuka, sponji ya kichujio ilisuguliwa chini ya bomba hadi ikang'aa. Bakteria wote wanaotegemewa wanakaa humo. Sponji huminywa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, mara tatu au nne, na kurudishwa ikiwa bado na rangi ya kahawia.

Wote wenye rangi

Mvuvi aliambiwa alete furu wazuri, na alifanya alivyoambiwa. Kati ya 11, tisa walikuwa na mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi, au walikuwa wa bluu ya kijivu. Rangi hizo ni za vidume. Majike ya furu wa mawe ni ya kijivu au njano hafifu, na ndiyo yanayorudishwa majini au kuishia kuwa chambo. Kwa hiyo tangi lilianza na vidume tisa na majike mawili, katika mita 1.2 ya urefu. Kila kidume cha furu kinataka pango lake na eneo la kulizunguka, na majike mawili yanafukuzwa na wote tisa mchana kutwa. Hata maji yangekuwa safi kabisa, mpangilio huo ungeua, ila ungechukua miezi badala ya siku.

Wekundu hao, kwa maelezo yaliyopatikana, wanalingana na Pundamilia nyererei, furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere alipoelezwa kisayansi mwaka 1985. Wale wa bluu wanalingana na ndugu yake, Pundamilia pundamilia. Majike yao ni vigumu sana kuyatofautisha hata kwa mzoefu. Ziwani hukaribiana: wa bluu hukaa maji ya juu zaidi, mwekundu chini yake kidogo, na jike huchagua kidume kwa rangi. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliochapishwa 1997 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba pale maji ya ziwa yalipochafuka na mwanga kupungua, rangi za vidume zilififia na mipaka kati ya spishi ikaanza kuvunjika. Majaribio ya maabara yalionyesha jambo hilohilo: chini ya mwanga wa rangi moja, jike halichagui tena.

Sasa irudie ile taa ya bluu na waridi. Inapendeza sebuleni, lakini inafanya kazi ileile ya maji machafu. Anayefuga furu atumie taa nyeupe ya kawaida, saa 8 hadi 10 kwa siku, na asiweke spishi mbili za Pundamilia tangi moja. Watoto chotara hawatamdhuru yeye, lakini wakigawiwa kwa marafiki kama furu halisi, ndani ya vizazi viwili hakuna anayejua alichonacho. Furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani kabla sangara hajatawala, na mamia ya spishi zao zimetoweka au kubaki kidogo sana. Samaki huyu anastahili kufugwa kwa uangalifu kuliko samaki wa dukani.

Wageni wawili na mpole mmoja

Kamongo ndiye aliyekata furu katikati. Ana sahani za meno zinazovunja konokono, anakula usiku, na hana haja ya kukimbiza: samaki aliyelala chini au aliyedhoofika anatosha. Atakua kupita mita moja. Tena lazima afike juu kuvuta hewa, kwa hiyo tangi lililojazwa hadi kwenye kifuniko linamzamisha. Hakuna samaki wa ukubwa wa furu anayefaa kuwekwa naye, na mtu akimtaka lazima ampe tangi lake, lenye kifuniko kizito chenye upenyo wa hewa, na asimwekee mkono mbele ya pua. Kambale mumi angeleta matatizo yaleyale kwa kasi kubwa zaidi.

Sato ana kasoro mbili. Kwanza anakua: kwenye bwawa zuri anafika gramu 200 na zaidi ndani ya miezi sita, na tangini atakuwa amewazidi furu wote kabla ya mwaka. Akifikia utu uzima anachimba kiota, anahamisha mchanga wote upande mmoja, na kung'oa kila kisichoshikiliwa. Pili, ingawa kila mtu pwani ya ziwa anamwita samaki wetu, sato si mwenyeji wa Viktoria. Aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Wenyeji ni ngege na mbiru, ambao leo ni nadra ziwani. Anayetaka tangi la samaki wa asili hana sababu ya kumweka.

Gogogo ndiye pekee aliyepita wiki tatu bila jeraha. Ana ngozi ngumu, miiba mitatu inayojifunga wima, na anajificha mchana. Ubaya wake ni kwamba usiku hula mayai na vifaranga, na wavu wa nyuzi ni adui yake: mwiba ukinasa usimvute. Mwache wavuni majini, kata nyuzi kwa mkasi kuzunguka mwiba. Kumhamisha, msukume aingie kwenye kopo la plastiki. Mwiba wake ukichoma mkono unauma kwa saa nyingi. Kuloweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika hupunguza maumivu.

Vilivyoingia na ndoo

Madoadoa meupe ya siku ya 12 ni vimelea vilivyokuja na samaki wenyewe, kisha vikapata samaki dhaifu, wengi, mahali padogo. Ziwani samaki mmoja hubeba vichache na vitoto vyake hupotea majini. Tangini kila kitoto hupata mwenyeji. Kwa nyuzi 26 mzunguko wao unakamilika chini ya wiki, na dawa yoyote huua tu hatua inayoogelea huru, si ile iliyo chini ya ngozi. Kwa hiyo tiba ya siku tatu, ambayo ndiyo watu wengi hufanya, huonyesha nafuu na kurudisha ugonjwa wiki inayofuata. Chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, siku 14 mfululizo, ikirudishiwa kwa kiwango kilekile kila maji yanapobadilishwa, ndiyo njia ya gharama nafuu. Gogogo aangaliwe kwa karibu kipimo kikizidi 2.

Kuna lililo zito zaidi kwa watu wa nyumba. Ndoo moja ilikuwa na konokono na kipande cha gugu maji, vikaachwa tangini "vipendezeshe". Konokono wa ufukweni mwa ziwa huweza kubeba kichocho na kuendelea kutoa mabuu yake kwa wiki nyingi. Mabuu hupenya ngozi nzima ya mkono, na hupenya pia utando wa mdomo. Watu wengi huanzisha mpira wa kutolea maji kwa kuufyonza kwa mdomo. Hilo likome. Jaza mpira maji ya bomba kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, ingiza moja tangini, shusha nyingine kwenye ndoo, achia. Konokono wote watolewe wakauke juani, na mimea ya ziwani isiletwe. Anayelazimika kutumia maji ya ziwa ayachote bila konokono, ayafunike pipani siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Mabuu yasiyopata mwenyeji hayaishi zaidi ya hapo.

Tangi lilivyopangwa upya

Samaki waliobaki walihamishiwa kwenye pipa la plastiki la lita 100 na sponji yao ileile, kwa chumvi gramu 2 kwa lita. Sato walikwenda kwenye bwawa la mfugaji. Kamongo aliliwa, samaki aliyetibiwa kwa chumvi tu hana tatizo mezani. Hakuna aliyerudishwa ziwani, na hili si la hiari: samaki aliyekaa na wengine kwenye maji yenye vimelea haachiliwi.

Mawe yalibadilishwa kwanza. Mwanza haina uhaba wa mawe ya granaiti, na granaiti haibadilishi maji. Kilo 50 hivi ziliwekwa moja kwa moja juu ya kioo cha chini, kilichotandikwa kipande cha plastiki laini, ndipo mchanga ulioshwa wa sentimita 3 ukamwagwa kuzunguka, kama kilo 23. Mpangilio huo ni wa lazima. Furu huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja huangukia kioo. Mawe yalijengwa marundo mawili, kushoto na kulia, yenye mapango mengi madogo na uwazi katikati, kiasi kwamba samaki wa rundo moja hamwoni wa rundo la pili. Vipande vya paipu ya inchi mbili vilizikwa nyuma kwa ajili ya gogogo. Tangi zima sasa lina uzito wa zaidi ya kilo 270, hivyo liliondolewa juu ya kabati la televisheni na kuwekwa kwenye stendi ya chuma.

Kichujio kikaongezwa: ndoo ya lita 20 yenye sponji, kokoto na pampu ya maji ya lita 1,000 kwa saa, pamoja na ile sponji ya zamani. Pampu ya hewa ya betri inajiwasha umeme ukikatika. Ndoo hiyo ikisimama kwa zaidi ya saa tatu au nne, maji yaliyomo ndani huishiwa oksijeni na kunuka. Yamwagwe kabla ya kuiwasha tena, yasirudi kwa samaki.

Bakteria walikuzwa bila samaki kwa wiki tano. Kipande cha sponji iliyokwisha kukomaa kutoka kwa mfugaji mwingine kingepunguza muda huo hadi nusu, kama samaki wake hawana ugonjwa. Kila siku ya pili ilitiwa gramu 1 ya unga wa dagaa uoze, na maji yakapimwa. Tangi likaitwa tayari pale ambapo amonia na naitraiti vyote vilisoma sifuri saa 24 baada ya kulishwa gramu 2.

Halafu kuna jambo ambalo maji ya Viktoria hulileta baadaye, wakati mtu ameshajiamini. Ni maji laini. Uwezo wake wa kuzuia pH isishuke ni kama miligramu 50 kwa lita, au pungufu, na bakteria hula kama miligramu 7 za uwezo huo kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni. Tangi la lita 180 lina akiba ya gramu 9. Ukilisha gramu 8 kwa siku, akiba inaisha ndani ya siku tano au sita. Ukilisha gramu 2, inachukua wiki tatu. Ikiisha, pH inaporomoka chini ya 6.5, bakteria wanalala, amonia inapanda bila kuua kwa sababu pH iko chini. Kisha mwenye tangi anabadilisha nusu ya maji kwa nia njema, pH inaruka hadi 8, na amonia yote ileile inageuka sumu ndani ya saa moja. Kinga ni kubadilisha asilimia 30 kila wiki bila kuruka, na kuweka gramu 500 za maganda ya konokono makavu ndani ya kichujio, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku. Bekingi soda husaidia kwa dharura, kijiko kimoja cha chai kwa siku, si zaidi. Magadi yasitumike badala yake, maana yanapandisha pH ghafla.

Furu wapya walitafutwa kwa ndoano ndogo namba 16, ncha ya nyuma imebanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana, chambo kipande cha mnyoo, kwenye maji ya mita 1 hadi 2 kando ya mawe. Kina kisizidi hapo: kibofu cha hewa cha furu hakitoi hewa haraka, na anayepandishwa kutoka mita 8 anafika tumbo likiwa limevimba. Kibali kiliombwa ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na BMU ya mwalo, kikundi cha jamii kinachosimamia ufukwe, ikaarifiwa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inahitaji leseni, kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, limepigwa marufuku, na Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, hakuvuliwi. Safari hii maagizo yalikuwa kinyume cha ya mwanzo: majike yote ya kijivu yawekwe, vidume viwili tu.

Ndoo ya kusafirishia isifungwe mfuniko wa kubana hewa. Ukitumia mfuko, theluthi moja iwe maji na theluthi mbili oksijeni, na ukifika usiuache wazi ukielea huku ukitia maji ya tangi kidogokidogo kwa saa nzima. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu imeshusha pH na kuifanya amonia isidhuru. Ukiufungua pH inapanda. Linganisha joto kwa dakika 15 mfuko ukiwa umefungwa, ufungue, mtoe samaki kwa mkono au kopo, maji ya mfuko yamwagwe chooni.

Karantini ilikuwa wiki nne kwenye pipa, siku 14 za mwanzo kwa chumvi. Furu wa porini hawajui chakula cha punje. Wiki ya kwanza walipewa viluwiluwi vya mbu na minyoo ya ardhini iliyokatwa, kisha punje za kuelea za milimita 2 zikachanganywa humo kidogokidogo, na baada ya siku kumi wakazipokea peke yake. Kiasi ni kile kinachomalizwa ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku.

Wanaoishi humo sasa ni Pundamilia wa aina moja, vidume viwili na majike tisa, na gogogo mmoja mdogo. Wawili waliobaki wa gogogo walipata tangi lingine. Kidume kimoja kina rangi kamili, cha pili kimefifia na kukaa rundo la kulia, na hiyo ni hali ya kawaida; kikianza kuonyesha mbavu au kukaa juu kwenye kona, kitolewe siku hiyohiyo.

Jike lililofunga mdomo na kukataa chakula lina mayai mdomoni. Hulibeba kundi hilo kwa wiki mbili na nusu hadi tatu. Siku ya 16 lihamishwe usiku kwa kopo, taa zikiwa zimezimwa, kwenye ndoo ya lita 20 yenye sponji iliyokomaa na paipu ya kujificha. Likishawatoa watoto likae siku tatu likila peke yake kabla ya kurudi kwa kundi. Watoto hula unga wa punje tangu siku ya kwanza. Juu ya ndoo bandika karatasi yenye jina la samaki, mahali hasa alipovuliwa na mwaka, kwa kuwa furu wa kisiwa kimoja hutofautiana kwa rangi na wa kisiwa cha jirani, na karatasi hiyo iwafuate watoto kila wanakopelekwa.